Daftari la Thanjavur: hekalu lililoandika hesabu zake ukutani

Kuna video fupi ambayo pengine umesharushiwa kwenye kundi la WhatsApp. Unaonekana mnara mkubwa wa mawe, muziki wa kutisha unapigwa, halafu sauti ya mashine inasema kwamba hekalu hili la India lilijengwa kwa namna ambayo saa sita mchana kivuli chake hakigusi ardhi. Inafuata habari ya jiwe moja la tani 80 lililokaa kileleni, na mwisho linaulizwa swali: "Walijuaje?" Dakika kumi baadaye kundi zima linajadili majini na wageni kutoka sayari nyingine.

Hekalu lenyewe ni la kweli. Liko Thanjavur, kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu, na lilikamilika mwaka 1010. Kwenye vitabu vya watalii linaitwa Brihadisvara, jina la Kisanskriti lililokuja baadaye sana. Watamili wa kawaida wanaliita Periya Kovil, yaani Hekalu Kubwa. Aliyelijenga, mfalme Rajaraja wa Kwanza wa nasaba ya Chola, aliliita Rajarajesvaram. Mungu anayeabudiwa humo ni Shiva, lakini jina la hekalu ni la mfalme, na hilo peke yake linatosha kumfanya msomaji akae sawa kitini.

Nianze na kivuli ili tukimalize. Thanjavur iko karibu nyuzi 11 kaskazini mwa ikweta. Katikati ya Aprili na tena mwishoni mwa Agosti jua hupita utosini kabisa, na siku hizo hata mnazi hauna kivuli cha maana. Mtu wa Tanga au Mombasa hahitaji kufundishwa hilo. Lakini njoo Desemba. Saa sita mchana jua limelala kusini kiasi cha nyuzi 34 kutoka utosini, na mnara wa mita 60 unatupa kivuli cha mita 40 hivi kuelekea kaskazini. Kitako cha mnara kina upana wa mita 30, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 15. Mita 25 zilizobaki zinaangukia uani, mchana kweupe, na mwenye macho anaziona.

Hilo jiwe la tani 80 nalo ni hivyo hivyo. Waliolikagua kuba la juu kwa karibu wameona viungo: ni vipande kadhaa vilivyokutanishwa kwa ustadi kiasi kwamba ukiwa chini unaona kitu kimoja. Binafsi naona kazi hiyo inashinda jiwe zima. Kukokota jiwe kubwa kunataka watu wengi na kamba. Kuchonga vipande vikakutana bila kuonyesha mshono, juu mita 60 kutoka ardhini, kunataka fundi.

Sikasirishwi na video hizi kwa sababu zinadanganya, maana uongo wa mitandaoni tumeuzoea. Kinachonikera ni kwamba zinatufanya tutazame juu, wakati jambo la kustaajabisha kuliko yote Thanjavur liko chini, kwenye kitako cha jengo, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Pale kumechongwa hesabu.

Nitafika huko. Kwanza jengo lenyewe, maana bila jengo hesabu hazina pa kushika.

Wengi wetu mahekalu ya Kihindu tuliyoyaona kwa macho ni yale ya Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, na mengi ya hayo yalianzishwa na watu waliotoka Gujarat na Kachchh, kaskazini-magharibi mwa India. Mtindo wao una minara inayojikunja kuelekea juu kama mkungu wa ndizi uliogeuzwa. Kusini ni habari nyingine. Mnara wa kusini, vimana kwa jina lake, hupanda kwa ngazi, ghorofa juu ya ghorofa, kila moja ikiwa ndogo kidogo kuliko ya chini yake, kama mtu aliyepanga vikapu kuanzia kikubwa hadi kidogo. Wa Thanjavur una ngazi 13. Kabla yake mahekalu ya Chola yalikuwa madogo, mengi ya kimo cha nyumba ya kawaida ya ghorofa mbili tatu. Rajaraja hakuongeza kidogo juu ya kipimo cha babu zake. Alikizidisha mara kadhaa kwa mkupuo mmoja, na kazi nzima ikaisha katika miaka isiyofika kumi.

Na alikifanya kwa graniti, mahali pasipo na graniti. Thanjavur iko kwenye delta ya mto Kaveri, nchi ya matope na mpunga, ambako ukichimba unakuta udongo na ukichimba zaidi unakuta udongo tena. Mawe yalitoka kwenye vilima vilivyo makumi ya kilomita kutoka pale. Wajenzi wa mwambao wetu, karne ile ile, walikuwa wakikata matumbawe, jiwe lenye huruma, linalochongeka kirahisi likiwa bado bichi na kukakamaa baada ya kukauka. Graniti haina wakati wa kuwa laini. Ni ngumu siku unayoikata na ni ngumu siku unayoichonga ua.

Ukuta wa chumba cha ndani, kile chenye lingamu, nguzo ya jiwe inayosimama badala ya Shiva, iliyo ndefu kuliko watu wawili waliopandiana mabegani, haukujengwa mmoja. Ziko kuta mbili nene, na katikati yake ujia wa kupita. Kuta hizo zikishavuka ghorofa ya pili zinaanza kusogeleana, kila safu ya mawe ikichomoza kidogo kwa ndani kuliko ile iliyoibeba, mpaka zinashikana na kuwa kitu kimoja. Kutoka hapo mnara unapanda ukiwa na uwazi ndani, kama bomba la moshi lenye pembe nne. Hakuna tao la kweli, na mzigo wote unashuka wima kupitia jiwe juu ya jiwe. Aliyepanga jambo hili ametajwa ukutani kwa cheo chake: Kunjaramallan, Rajaraja Perunthachan, yaani fundi mkuu wa Rajaraja. Kwenye maandishi hayo yumo pia kinyozi aliyepewa heshima ya namna hiyo hiyo, kinyozi mkuu wa Rajaraja. Nampenda mfalme anayemtia kinyozi wake kwenye graniti.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kushuka kitakoni ni milango. Unaingia uani kwa kupitia malango mawili yaliyofuatana. La kwanza linaitwa Keralantakan, maana yake aliyeimaliza Kerala, kumbukumbu ya vita. La pili linaitwa Rajarajan. Ni malango makubwa, lakini yote ni mafupi kuliko mnara ulio juu ya mungu. Karne chache baadaye kusini mwa India walipindua kipimo hiki. Nenda Madurai au Srirangam: malango yanakwenda mbinguni yakiwa yamejaa sanamu za rangi, na mahali pa mungu pamejificha katikati, padogo, unapatafuta. Sababu ninayoiona ni kwamba mahekalu yale yalikua kama mji unavyokua, ukuta nje ya ukuta, kila mtawala akiongeza lango lake kubwa kuliko la mwenzake, na hakuna aliyethubutu kubomoa chumba cha kale cha katikati ili kukikuza. Thanjavur halikukua. Lilikatwa kama nguo ya fundi mmoja, kwa kipimo cha mtu mmoja, na mtu huyo alitaka jambo moja lionekane kutoka mbali.

Sasa tushuke.

Kuzunguka kitako cha mnara, na kwenye nguzo na kuta za ujia wa pembeni, kuna mistari na mistari ya maandishi ya Kitamili. Mtaalamu wa Kijerumani, E. Hultzsch, ndiye aliyeanza kuyachapisha kwa utaratibu mwishoni mwa karne ya 19, na yalijaza mamia ya kurasa. Agizo la mfalme limeandikwa mwanzoni kabisa, la siku ya 20 ya mwaka wa 26 wa utawala wake: ichongwe kwenye jiwe la vimana tulichotoa sisi, alichotoa dada yetu mkubwa, walichotoa wake zetu, na walichotoa wengine wote waliotoa.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaujua mpangilio huu. Ni daftari la michango. Anaanza baba mzazi, anafuata shangazi, halafu wajomba, halafu wafanyakazi wenzake bibi harusi, na kila jina lina kiasi chake mbele. Tofauti ni kwamba daftari la harusi hupotea wiki moja baada ya sherehe, mara nyingi pamoja na chenji. Hili limekaa miaka elfu moja.

Na halina aibu ya kuwa na undani. Siku ya 275 ya mwaka wa 25, mfalme alitoa chungu cha shaba cha kuwekwa kileleni mwa mnara. Uzito wake palam 3,083. Kikafunikwa kwa bamba la dhahabu lenye uzito wa kalanju 2,926 na nusu, kwa vipimo vya wakati huo. Hiyo nusu ndiyo inayoniua. Mfalme wa wafalme, aliyeziteka nchi, anapeleka dhahabu kwa mungu wake, na karani hakubali kukadiria. Dhahabu ilipimwa kwa jiwe la mizani lililoitwa Adavallan, jina la Shiva mcheza ngoma. Kwa maneno mengine, mizani ilikuwa na jina la mwenye mali. Vito vilivyotolewa vimeorodheshwa kimoja kimoja, na kama lulu ilikuwa na ufa imeandikwa ina ufa, kama almasi ilikuwa na doa imeandikwa ina doa. Sijui nyumba ngapi za ibada leo, za dini yoyote ile, zingekubali kubandika taarifa ya namna hiyo mlangoni.

Halafu kuna kondoo. Taa za hekalu ziliwaka kwa samli, usiku na mchana, na taa moja ilihitaji kipimo kiitwacho ulakku kila siku. Ungedhani mfadhili anatoa fedha ya samli. Fedha zingekwisha. Alichotoa ni mifugo: kondoo majike 96 kwa taa moja, au ng'ombe 48, au nyati wa kufugwa 16, wakakabidhiwa wafugaji waliotajwa kwa majina. Mfugaji alipeleka samli yake kila siku, na wanaozaliwa juu ya 96 walikuwa faida yake. Akifa kondoo, anajazia. Idadi haishuki. Maandishi ya Kitamili yana jina zuri la kundi la namna hii: kondoo wasiokufa wala kuzeeka. Kwetu tungesema wakfu, na tungeelewana mara moja na makarani wa Rajaraja. Mtaji hauguswi, kinacholiwa ni maziwa yake.

Pale pa fedha tusingeelewana, kwa sababu Thanjavur ilikula riba waziwazi. Mfano mmoja unatosha, nao unampendeza mtu anayependa hesabu. Mmoja wa maofisa aliweka kasu 360, sarafu ya zama hizo, kwa wafanyabiashara wa sokoni ili Ganapati, mungu mwenye kichwa cha tembo, apelekewe ndizi 150 kila siku. Riba ilikuwa thumni ya kasu kwa kila kasu kwa mwaka, yaani asilimia 12.5. Kasu 360 zinazaa 45. Kasu moja ilinunua ndizi 1,200, hivyo kasu 45 zinanunua ndizi 54,000. Gawa kwa siku 360 za mwaka wao unapata 150 kamili, wala haizidi ndizi moja. Sasa zidisha mpango huu kwa mabaraza ya vijiji yaliyochukua fedha za hekalu na kurejesha riba kwa mpunga au kwa sarafu ili ununuliwe iliki, kafuri na maua, utaona kwamba lile lililosimama pale lilikuwa na kazi ya pili: lilikuwa benki, na wateja wake walitawanyika nchi nzima ya Kaveri.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba maandishi haya ni kiburi tu cha mfalme aliyetaka kusifiwa. Kiburi kimo, tena kwa wingi. Lakini anayejisifu haandiki kiwango cha riba. Deni lililochongwa kwenye jiwe, mbele ya kila anayekuja kusali, ni deni ambalo kijiji hakiwezi kulikana na karani hawezi kulifuta. Ukuta ulifanya kazi ya shahidi. Wapo wanahistoria, akiwemo Nilakanta Sastri katika karne iliyopita, walioona dola ya Chola kama serikali yenye mfumo imara wa maofisa kutoka juu hadi chini. Wengine, kama Burton Stein, wakajibu kwamba mfalme alikuwa na nguvu za kweli eneo dogo tu, na kwingine alitawala kwa heshima na ibada. Nikiusoma ukuta huu naona pande zote mbili zinaweza kujichotea ushahidi. Hekalu linavifunga vijiji vya mbali na Thanjavur, ndiyo, lakini linavifunga kwa samli na riba. Mfalme ambaye angeweza kutuma askari kila mahali kukusanya alichotaka hangekuwa na haja kubwa ya kukopesha.

Kuna orodha moja ambayo siwezi kuipita haraka. Ni ya wanawake 400.

Rajaraja aliwakusanya wacheza ngoma wa ibada kutoka mahekalu mbalimbali ya nchi ya Chola, akawaleta Thanjavur na kuwapanga katika mitaa iliyojengwa karibu na hekalu. Kila mmoja alipewa nyumba na fungu moja, vipimo 100 vya mpunga, viitwavyo kalam, kwa mwaka. Na kila mmoja ameandikwa: mtaa, upande wa mtaa, nyumba ya ngapi, hekalu alikotoka, jina lake. Mtaa wa kusini, upande wa kusini, nyumba ya kwanza: Seramangai, wa Tiruvaiyaru. Nyumba ya pili, mwingine. Ya tatu, mwingine. Unakwenda hivyo nyumba kwa nyumba kama posta anayegawa barua, mpaka umewamaliza 400, halafu wanafuata walimu wa ngoma, wapiga matari, waimbaji, wafinyanzi, madobi, washonaji, sonara, makarani. Akifa mmoja wao, au akihama, fungu linakwenda kwa ndugu yake wa karibu, na kama ndugu hana ujuzi, achaguliwe mwenye ujuzi.

Kwa upande mmoja hili ni jambo la ajabu. Watu wa kawaida wa karne ya 11 tunawajua mahali pachache duniani. Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja, wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107, unatupa tarehe na jina la aliyeamuru ujengwe, na tunashukuru hata kwa hayo. Hapa tuna anuani za wanawake 400. Kwa upande mwingine, hakuna mstari unaosema kama Seramangai aliulizwa. Tiruvaiyaru si mbali, mtu mwenye miguu mizuri anafika kwa siku moja, lakini wenzake wengi walitoka mbali zaidi. Ukuta unaandika nyumba aliyopewa na mpunga aliopewa. Alichokiacha hakikupimwa kwa Adavallan.

Na mali yote hii ilitoka wapi? Ukuta haufichi. Vitu kadhaa vya dhahabu na fedha vimeandikwa kuwa vilitokana na hazina alizonyang'anya mfalme baada ya kuwashinda wafalme jirani wa Chera na Pandya. Jeshi lake lilikuwa limevuka bahari na kuipiga Anuradhapura, mji mkuu wa kale wa Sri Lanka, mwaka 993, na baadhi ya vijiji vya kisiwa hicho vimo kwenye orodha ya wanaotakiwa kupeleka mapato yao Thanjavur. Hebu fikiria mkulima wa Sri Lanka anayevuna ili mafuta yake yakamwakie mungu wa aliyemteka, ng'ambo ya bahari. Wapo leo nchini India wanaosimulia enzi za Chola kama wakati wa utukufu mtupu, na mfalme huyu amekuwa mali ya kisiasa yenye kugombewa. Mimi nadhani wangemheshimu zaidi kwa kumsoma. Yeye mwenyewe hakuona haya kusema kwamba sehemu ya hekalu lake ni ngawira, akaichonga.

Aliyefuata alielewa somo kwa namna yake. Rajendra, mwanawe, alipeleka merikebu hadi Srivijaya, upande wa Sumatra na rasi ya Malaya, mwaka 1025, akahamisha makao makuu kwenda mji mpya wa Gangaikondacholapuram na kujenga huko hekalu lake lenye mnara wa mtindo ule ule, mfupi kidogo kuliko wa baba. Thanjavur ikapoteza mlipaji wake mkuu. Ukipanda kwenye ujia wa ghorofa ya pili utaona alama ya zamani hizo. Mchongaji alikuwa akimwonyesha Shiva katika mikao 108 ya ngoma, mmoja baada ya mwingine kuzunguka chumba. Imechongwa 81. Vibao 27 vilivyobaki vimelainishwa na kupangwa mahali pake, vitupu.

Yaliyofuata nitayapitia mbio, kwa sababu ni hadithi ya kila jengo kuu: kila mwenye nguvu alitaka kuacha kitu. Fahali mkubwa wa jiwe moja anayepigwa picha na kila mtalii, Nandi, si wa Rajaraja. Ni wa watawala wa Nayak, karne tano au sita baadaye, na lile hekalu dogo zuri la Subrahmanya lililo uani ni la zama hizo hizo. Nayak walipaka pia michoro yao ukutani juu ya michoro ya Chola, na watu wakasahau kwamba kuna kitu chini yake mpaka mwaka 1931, S. K. Govindaswami alipoigundua: Sundarar, mshairi mtakatifu wa Shiva, akienda mbinguni juu ya tembo mweupe, Shiva akipigana na majini. Baadaye wataalamu wa India walibuni njia ya kuubandua mchoro wa juu bila kuuharibu, wakaupata wa chini na bado wakabaki na wa juu. Kwa kazi hiyo wanastahili sifa kuliko wanazopewa. Katika karne ya 18 uani palikaa wanajeshi wa Kizungu. Mwaka 1803 Serfoji wa Pili, mtawala wa Kimaratha, akachongesha historia ndefu ya ukoo wake kwa Kimarathi kwenye ukuta wa uani. Hakuandika hesabu. Aliandika nasaba.

Mnara wa Rajaraja ulionekana kwenye noti ya rupia 1,000 ya mwaka 1954, na mwaka 1987 UNESCO ikaliingiza hekalu katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini si makumbusho. Watu wanasali humo kila siku, na jengo linalosaliwa lina hatari na ugomvi wake. Juni 1997, wakati wa sherehe ya kulitakasa upya, moto ulizuka kwenye banda la ibada lililojengwa kwa muda na watu zaidi ya 40 wakafa. Sherehe iliyofuata ilingoja hadi tarehe 5 Februari 2020, na safari hiyo ugomvi ulikuwa wa lugha. Wapo waliotaka ibada iendeshwe kwa Kitamili, lugha ya nchi na ya wajenzi. Wapo walioshikilia Kisanskriti, lugha ya makuhani. Kesi ikafika mahakama kuu, tawi la Madurai, nayo ikaamua zitumike zote mbili.

Nilipoisoma hukumu ile nilicheka kidogo, maana ukuta ulikuwa umeshaamua. Maandishi ya kitakoni yanafunguliwa kwa beti la Kisanskriti linalosema kwamba hii ni amri ya Rajaraja, inayopapaswa na mataji ya wafalme wote wa dunia. Ni beti moja tu. Linalofuata ni Kitamili, nacho kinazunguka jengo zima: kondoo 96 na mfugaji wake, ndizi 150 za Ganapati, lulu yenye ufa, mtaa wa kusini, upande wa kusini, nyumba ya kwanza, Seramangai, fungu moja.